Nalala peke yangu ufukweni, ninunue hema gani la bei poa?

SWALI: Shikamoo anko. Niko Sengerema, kila wikendi nashinda usiku ziwani na ndoano, hasa kamongo, na sangara akijichanganya sikatai. Huwa nalala chini ya mti na shuka tu, juzi mvua imeninyeshea mpaka kopo la chambo likajaa maji. Nina elfu sabini. Sokoni kuna lile hema unalirusha linajifungua lenyewe, muuzaji anasema haliingizi maji kabisa. Nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Subiri kwanza. Hayo ya kurusha mengi yana kitambaa kimoja tu, hayana kile cha pili cha juu, sasa ukilala humo na zipu umefunga pumzi yako inapanda inakutana na kitambaa cha baridi inageuka maji, saa kumi alfajiri unadondokewa usoni unaanza kumlaani muuzaji kumbe mvua ni wewe mwenyewe. Mi nililinunua, najua ninachosema. Halafu kulikunja ni vita, nilihangaika nalo mpaka watoto wa kijiji wakakaa chini kuangalia.

Ukiona lazima iwe hema basi pekua mitumba, tafuta lenye vitambaa viwili, lebo yake iwe imeandikwa angalau 1500 mm, hiyo ndo namba ya kuzuia maji na ikiwa kubwa ndo vizuri zaidi. Geuza ndani uone kama mishono imebandikwa utepe. Na ulale humo hapohapo sokoni usione aibu, miguu ikigusa kitambaa liache.

Ila kwa hela yako mi ningenunua turubai la mita 3 kwa 4, kamba ya manila na chandarua chenye dawa (cha kulalia bana, sio cha kuvulia dagaa, tunajuana). Funga kamba kati ya miti miwili, tupia turubai juu, ndani yake ning'iniza chandarua, pindo lake ulikalie na mkeka. Usiku upepo wa kawaida unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo upande wa nyuma ushushe mpaka chini, mbele paache wazi uone mishipi yako. Lakini mvua ya radi ikigeuka ikaja kutoka ziwani utalowa, so huo upande wa mbele nao uwe na kamba zake tayari, unavuta tu unafunga. Kwenye mchanga vigingi havishiki, jaza mchanga kwenye kiroba, funga kamba, kifukie.

Sehemu ya kulala ichague kukiwa bado mweupe. Ukiona njia imechimbika kwenye nyasi kutoka majini hama kabisa, hiyo ni ya kiboko, usiku anatoka kula na njia yake ni hiyohiyo. Mamba naye usimsahau, ukingoni pale usilale hata kama samaki wanakula vipi, funga kengele ndogo kwenye mshipi utasikia ukiwa hukohuko juu. Jiko la mkaa libaki nje hata baridi ikuue, ile hewa yake ndani ya hema inaua kweli na wala huisikii harufu. Na taa ukimaliza kuweka chambo zima, la sivyo wadudu wa ziwa zima watahamia kwako.