Zuieni chakula kibovu, msizuie kulishana

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: miji kadhaa ya Marekani inazuia watu kugawa chakula hadharani kwa wasio na makazi, je, halmashauri zetu za Nyanda za Juu Kusini nazo zitunge sheria ndogo ya aina hiyo?

Jibu langu ni hapana. Hata hivyo wanaoitaka wana hoja moja ya kweli, usalama wa chakula, na wengi wa wanaogawa huiruka kwa sababu wanaona nia njema inatosha. Haitoshi. Nianze na sheria zenyewe, kisha niingie jikoni.

Sheria hizo hazifanani. Orlando, Florida, ilitumia idadi na kalenda: tangu 2006, anayelisha watu 25 au zaidi katika bustani za katikati ya mji alitakiwa kuwa na kibali, na kikundi kilipewa vibali viwili tu kwa mwaka kwa kila bustani. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiacha sheria hiyo isimame mwaka 2011. Houston ilitumia ridhaa: tangu 2012, ukilisha watu zaidi ya watano lazima upate ruhusa ya mwenye eneo, hata kama mwenye eneo ni jiji lenyewe, la sivyo unatozwa faini. Mwaka 2023 polisi wakawa wanawaandikia tiketi wajitoleaji waliokuwa wakigawa chakula nje ya maktaba kuu ya jiji. Fort Lauderdale nayo, mwaka 2014, iliweka masharti ya umbali na vifaa: kituo cha nje kikae kama mita 150 kutoka kwenye nyumba za watu, na wagawaji walete vyoo vya kuhamishika. Novemba ya mwaka huo polisi walimsimamisha Arnold Abbott, mzee wa miaka 90, akiwa anagawa sahani, wakamfungulia mashtaka pamoja na wachungaji wawili. Miaka minne baadaye mahakama ile ile ya rufaa iliyoipitisha sheria ya Orlando ilisema kwamba kula pamoja bustanini, kwa namna kikundi kimoja cha wajitoleaji mjini humo kilivyofanya, ni njia ya kutoa ujumbe inayolindwa na katiba.

Angalieni zile za Orlando na Houston zinapima nini: walaji ni wangapi na kiwanja ni cha nani. Kama maharage yameiva au hayakuiva, hazina habari.

Mfano unaotufaa zaidi sisi ni wa San Diego. Kati ya 2016 na 2018 eneo hilo lilikumbwa na mlipuko wa homa ya ini aina A, karibu wagonjwa 600 na vifo 20, wengi wakiwa watu wanaolala nje na watumiaji wa dawa za kulevya. Mji jirani wa El Cajon ukapiga marufuku kugawa chakula katika maeneo yake ya wazi, na Januari 2018 watu wakakamatwa bustanini kwa kosa hilo. Lakini wachunguzi wa afya hawakuona chakula chochote kilichowaunganisha wagonjwa. Ugonjwa ulipita kwa mikono na sehemu zilizochafuliwa na kinyesi, kwa sababu watu hawakuwa na choo wala maji ya kunawa. Kilichopambana nao ni chanjo, vituo vya kunawia mikono, vyoo vilivyoachwa wazi usiku na kuosha mitaa kwa klorini.

Sisi kipindupindu tunakifahamu, kimefika Mbeya zaidi ya mara moja, na kinapita njia ile ile ya kinyesi, maji na mikono. Kijana anayelala kwenye vibaraza vya Mwanjelwa, au mgonjwa wa akili anayezunguka stendi ya Nane Nane, ukimnyima sahani ya makande bado atakula: ataokota jalalani. Mstari wa wanaosubiri kula ndiyo saa pekee afisa afya anaweza kuwakuta wote mahali pamoja, na sabuni ikiwepo. Sheria ya kuuvunja mstari huo inawatawanya watu wale wale anaotakiwa kuwafikia.

Sasa jikoni. Kwa walaji 60 wa nje, chakula kinachofaa ni makande. Chukua kilo 8 za mahindi yaliyokobolewa na kilo 4 za maharage, ya njano kama yapo kwa sababu yanaiva upesi. Vitunguu kilo 2, nyanya kilo 3, mafuta lita 1, chumvi kiasi cha gramu 150 kwanza kisha uonje. Loweka usiku kucha, mahindi peke yake na maharage peke yake, na maji ya kuloweka yamwage. Kumbuka kwamba Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu mapishi ya pwani yanatudanganya muda: hesabu saa tatu hadi nne, mahindi yakitangulia jikoni. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu, yakitokota kweli, dakika 10 au zaidi. Ukiyaacha yafukute kwenye makaa hafifu, sumu yake ya asili haifi, na watu watatapika ndani ya saa chache ingawa chakula kinaonekana kizuri.

Gawa mzigo huo katika sufuria mbili za lita 30, usiujaze kwenye pipa moja. Sufuria mbili zinaiva sawasawa, zinabebwa na watu wawili wawili, na moja inabaki imefunikwa wakati nyingine inapakuliwa. Hapo kwenye kufunika ndipo pengi panapoharibika. Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60. Chini ya hapo vijidudu vinaanza kuzaana. Juni na Julai, Iringa na Mbeya, jioni ina baridi kali na sufuria wazi inapoa haraka kuliko mtu anavyodhani: wa kwanza kwenye mstari anakula cha moto, wa mwisho anakula cha uvuguvugu. Dawa yake ni rahisi. Tandaza blanketi ndani ya tenga kubwa, weka sufuria ikiwa imetoka motoni sasa hivi na mfuniko umebana, zungushia blanketi la pili, funga. Itabaki ya moto kwa muda wote wa kusafiri na kupakua. Pakua kwa upawa wa robo lita, miwili kwa kila mtu, ili wa 60 apate sawa na wa kwanza. Mstari ukijua kwamba chakula kitatosha, hausukumani.

Kunawa kunahitaji nusu lita kwa mtu, hivyo ndoo mbili za koki za lita 20 zinatosha na ziada. Ziwekwe kabla ya chakula, siyo pembeni, mtu asiweze kuifikia sahani bila kupita hapo. Chini ya koki weka beseni, la sivyo baada ya watu 20 panakuwa tope na wenye maduka wanalalamika, kwa haki kabisa. Sahani zioshwe kwa mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza, na la mwisho lita 10 za maji na kijiko kimoja cha chakula cha jiki, zikae humo dakika 2 kisha zikauke zenyewe. Kitambaa cha kufutia kinarudisha uchafu wote.

Mahali pa kugawa pawe mbali na njia ya bajaji na daladala. Mstari usikatize mlango wa duka. Siku na saa zisibadilike, kwa sababu ugawaji wa kushtukiza ndio unaoleta vurugu.

Kuna chakula kimoja ambacho hata mimi ningekizuia kwa sheria: pilau iliyobaki harusini. Imeiva saa 8 mchana, imeliwa ukumbini saa 2 usiku, na iliyobaki inafika stendi saa 6 usiku ndani ya ndoo zilizokuwa za rangi, zimefunikwa, za vuguvugu. Hizo ni saa 10. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto upya. Anayekula hapo hana choo cha kukimbilia usiku huo. Wenye harusi wana nia njema kabisa, lakini wali uliokaa zaidi ya saa 2 bila moto wala jokofu usigawiwe kwa mtu.

Kwa hiyo kama madiwani wanataka kutunga kitu, watunge kanuni inayomfuata mpishi. Mpishi mmoja wa kila kikundi awe amepima afya kila miezi 6 kama anavyofanya mama lishe. Kikundi kimpe afisa afya wa kata taarifa ya siku, saa na mahali, taarifa tu, isiyosubiri muhuri. Pawe na maji na sabuni. Wagawaji waondoke na taka zao. Kikombe kimoja cha chakula kihifadhiwe kwenye jokofu siku mbili, mtu akiugua kipimwe. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 tayari inampa afisa afya nguvu ya kukagua na kuzuia chakula kisichofaa. Kinachokosekana ni yeye kufika pale jioni. Na kama lazima pawe na katazo, wakataze kumpiga picha mtu anayekula. Wapo wanaobaki na njaa kwa kukwepa kamera.

Kuwagusa walaji ni hatari kwa sababu nyingine pia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 176 na 177, tayari inagusa kuombaomba na uzururaji. Ukiongeza sheria ndogo juu yake, mtu aliyesimama kwenye mstari wa chakula anakuwa kosa linalosubiri mgambo.

Sheria ndogo haizuki usiku mmoja. Kusudio lake hutangazwa wananchi watoe maoni, Baraza la Madiwani hupitisha, waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI huridhia, kisha hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo likionekana kwenye ubao wa kata au wa halmashauri, andikeni pingamizi kwa mkurugenzi, mkitaja kifungu mnachokipinga na maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Msomaji, Mbeya