Picha ya vipokezi baada ya damu kuvuja kwenye ubongo

Ndugu, umeuliza kwa nini watafiti wapige picha za vipokezi (sehemu zinazopokea ishara za kemikali) vya neuroni, yaani seli za neva, wakati CT, picha ya eksirei ya tabaka, imeshaonyesha damu ilipovujia. CT huonyesha bonge la damu kwa dakika chache, na kwa matibabu ya haraka hiyo ni hazina. Lakini haikuambii kama neuroni zinazolizunguka bonge hilo ni hai au zimekufa.

Kazi hiyo ni ya PET, kipimo kinachopiga picha ya dawa yenye mnururisho iliyomo mwilini. Mgonjwa hudungwa dawa iitwayo flumazenili yenye kaboni-11, kaboni yenye mnururisho, nayo flumazenili hunasa kwenye vipokezi vya GABA-A, aina mojawapo ya vipokezi vya neuroni. Neuroni ikifa, vipokezi vyake hupotea nayo, na mahali pale hufifia kwenye picha. Kupima mtiririko wa damu peke yake kunaweza kukupotosha, maana neuroni iliyonyamaza hutumia damu kidogo ingawa bado i hai. Tofauti hiyo ndiyo inayonivutia zaidi: neuroni iliyonyamaza inaweza kuamka.

Angalia jambo moja. Bonge lenyewe halina vipokezi, kwa hiyo litaonekana kama shimo jeusi. Usilihesabu kuwa neuroni zilizokufa. Huenda limezisukuma pembeni tu. Linganisha picha hiyo ya PET na ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, kwanza.

Muda nao ni mgumu: kaboni-11 hubaki nusu kila baada ya dakika 20 hivi, hivyo saiklotroni, mashine inayoitengeneza, lazima iwe karibu. Na kama mgonjwa anatumia diazepamu, dawa ya kutuliza, timu iambiwe mapema, kwani hugombania kipokezi kilekile.