Jibu: Chumba cha kulia ni mita 2.5 kwa 3, meza inaziba njia, rangi inabanduka

Habari ndugu. Nimekuelewa: meza ya watu 6 inaziba njia ya jikoni, na rangi mpya inabanduka chini ya dirisha.

Anza na ukuta. Bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote, ukiache saa 24. Ukikuta majimaji upande wa ukutani, usinunue rangi bado. Unyevu utaibandua hata ikiwa ya bei ghali. Ziba panapovuja, acha pakauke, kwangua, ndipo upige praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha.

Hukutaja kimo cha dari. Kikiwa mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha zinabaki mita za mraba 26 hivi za kupaka. Lita 1 ya rangi hufunika takriban 10, kwa hiyo mikono miwili (kupaka mara mbili) inataka lita 5 hadi 6. Kopo moja la lita 4 litaishia njiani, na rangi ya kuchanganyiwa mara ya pili mara nyingi haifanani.

Meza ipunguzwe iwe sentimita 75 kwa 120. Ukutani weka benchi la kina cha sentimita 40 badala ya viti. Upande wa pili acha sentimita 75 za kuvutia kiti. Kwenye upana wa mita 2.5, njia ya sentimita 60 inabaki.

Pazia la kitenge litundike karibu na dari.