Jibu: Doa jeupe jichoni baada ya kuchomwa na jani la mpunga

Salaam dada, na pole kwa mumeo. Umesema alichomwa na jani akivuna mpunga Kilombero, leo siku ya sita. Matone ya duka la dawa yalipunguza wekundu, lakini sasa kuna doa jeupe na mwanga unamuumiza.

Anza na hicho kichupa. Soma maandishi madogo: ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, aache leo. Hizo ni steroidi. Hutuliza wekundu, ndiyo maana aliona nafuu, huku zikidhoofisha kinga na kuacha kidonda (hilo doa jeupe) kiendelee kuchimba konea, kioo cha mbele cha jicho. Nyingine zimechanganywa na antibayotiki kwenye kichupa kimoja, kwa hiyo soma hadi mwisho.

Jani au makapi huingiza fangasi wa shambani, hasa Fusarium na Aspergillus, na antibayotiki haiwaui. Kwa kutazama tu huwezi kuwatofautisha na bakteria. Daktari wa macho atakwangua kidonda na kupima kwa hadubini, kwa hiyo aende leo; kama karibu hakuna, hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT, Dar es Salaam.

Ikithibitika ni fangasi, dawa ya kwanza kwa kawaida ni natamaisini 5%, tone kila saa mwanzoni, na matibabu huendelea kwa wiki kadhaa. Kichupa kitikiswe kwanza, dawa hutuama chini. Wengi huacha maumivu yakipungua, fangasi wakiwa bado ndani.

Asifunge jicho kwa kitambaa, wala asitie maziwa au maji ya majani.