Hilux kuukuu inavuta hewa pembeni: maswali na majibu

Hilux yangu ina injini ya petroli ya 22R, ya kabureta. Ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka na kuzima, nikikanyaga mafuta inatulia kabisa. Fundi kapandisha skrubu ya sailensi, sasa petroli inaisha haraka. Tatizo nini? (Morogoro)

Karibu kila dalili uliyotaja inaelekeza kwenye hewa inayoingia pembeni. Injini ikiwa sailensi, kipepeo cha kabureta kimefungwa na hewa inayopita ni kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo linatosha kuharibu mchanganyiko. Ukikanyaga mafuta, hewa inayopita kwenye kabureta inakuwa nyingi na ile ya wizi haina nguvu tena. Skrubu imeficha ugonjwa tu. Irudishwe ilipokuwa kabla ya kutafuta, maana huwezi kusaka tundu kwenye injini isiyoonyesha dalili.

Zima injini, ipoe, kisha fuata kila mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kutoka kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, hadi unapoishia. Ukunje kwa vidole: ukionyesha nyufa, badilisha. Ncha ndizo hufa kwanza, na kama urefu unatosha unaweza kukata sentimita moja na kuchomeka upya. Usisahau vichwa vya paipu visivyotumika. Vile vifuniko vyake vidogo vya mpira hupasuka upande wa chini ambako jicho halifiki.

Mipira ikiwa mizima, nenda kwenye kitako cha kabureta. Kile kipande kinene cheusi kati ya kabureta na manifoldi hupasuka kwa joto la miaka mingi, na nati zake hulegea. Mwisho ni gasketi ya manifoldi. Bolti za manifoldi ya kuingizia hewa kwenye 22R hukazwa kwa Nm 19 (kipimo cha nguvu ya kukaza) tu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kichwa cha injini ni aluminiamu. Anayekaza kwa nguvu zake zote anaondoka na nyuzi za bolti.

Mafundi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kutafuta tundu. Ni salama? (Mwanza)

Inafanya kazi, lakini inawaka, na kuna manifoldi ya moto na waya za plagi hapo hapo. Sisi tunashauri uanze na maji yenye sabuni kidogo kwenye chupa ya kupulizia. Penye tundu maji yanavutwa ndani, sauti inabadilika kwa sekunde chache. Usilowanishe distribyuta, inayogawa umeme wa plagi.

Ukilazimika kutumia dawa, puliza kidogo kidogo kwa mrija wake mwembamba, injini ikiwa bado haijapata moto sana, na kizima moto kiwe karibu. Acha kisafisha hewa kikiwa kimefungwa mahali pake. Mvuke ukiingia kwa mdomo wake, injini itabadilika na utalaumu gasketi isiyo na kosa, kwa hiyo rudia sehemu ile ile mara tatu kabla ya kuamini.

Geji ya vakyumu inasoma inchi 14 za zebaki. Kitabu kinasema 17 hadi 21. Injini imechoka? (Nairobi)

Hapana. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban inchi 1, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Inchi 14 zilizotulia, injini ikiwa na joto lake la kawaida, ni nzuri kwako; Mombasa zingekuwa za kutilia shaka.

Tazama pia mwendo wa sindano. Ikiwa chini ya kiwango cha mwinuko wako lakini imetulia, kuna hewa ya pembeni au taimingi (wakati wa plagi kuwasha) imechelewa, kwa hiyo pima taimingi kabla ya kufungua manifoldi. Ikidunda kwa mpigo wa kawaida, shuku valvu. Kisha bana mipira mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa: ule ambao ukibanwa sindano inapanda, tundu liko mbele yake.

Yangu ni 22R-E, ya sindano za petroli badala ya kabureta. Nikifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, hakuna kinachobadilika. Ni kawaida? (Tabora)

Si kawaida. Injini hii hupima hewa kwa mita yenye kibao, na hewa inayoingia kupitia kifuniko haijapimwa, kwa hiyo sailensi inapaswa kuyumba. Isipoyumba, kuna njia nyingine iliyo wazi au valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini) imeziba. Kagua kwanza bomba kubwa la mpira kati ya mita na throto (mlango wa hewa). Hupasuka ndani ya mikunjo yake. Livute lifunguke ndipo utaona.

Nikikanyaga breki, sailensi inabadilika na nasikia mlio wa hewa. (Tanga)

Busta ya breki, inayotumia vakyumu kukuongezea nguvu ya kukanyaga. Zima injini, kanyaga breki mara tano, shikilia, kisha washa. Pedeli inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, angalia bomba na valvu yake ya njia moja. Mlio ukitokea miguuni mwako, diaframu (utando wa mpira ndani ya busta) imechanika. Hili lisisubiri mwisho wa mwezi.

Na ya dizeli, 3L, breki nzito lakini injini safi? (Dodoma)

Vakyumu ya breki hapo inatoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alteneta, ndiyo maana sailensi haiguswi. Kagua bomba, valvu, kisha pampu yenyewe na mpira wake wa oili.

Naweza kuziba kwa silikoni? (Kisumu)

Silikoni ya kawaida ya gasketi huyeyuka ikikutana na petroli, na vipande vyake huingia ndani ya injini. Weka gasketi mpya. Hata mipira ya silikoni yenye rangi inayouzwa kwa mita haifai kwenye PCV, kwa sababu mvuke wa oili huivimbisha. Nunua mpira unaostahimili oili na petroli, wenye tundu linaloshika paipu bila kulazimisha klipu ifanye kazi ya mpira.