Jibu: Sare siyo inayowafunga mdomo

Habari mwalimu mwenzangu. Umeuliza kama kulegeza sare na nidhamu kutawafanya wanafunzi wako wathubutu kuhoji, maana sasa hata ukikosea ubaoni wananyamaza. Nimefundisha hesabu miaka mingi, watoto wa sare hao hao, na hali hiyo imenikuta.

Kwanza jiulize: mwanafunzi wa mwisho aliyekupinga ulimjibu nini, na uso wako ulikuwaje? Kwangu, msichana mmoja alinyoosha mkono nusu, kiwiko bado kiko mezani, akasema, "Mwalimu, hapo si hasi?" Nikamwambia asubiri nimalize. Alikuwa sahihi. Hakunyoosha tena muhula mzima, na wenzake walishaona. Inaniuma mpaka leo.

Baadaye nikawa nakosea makusudi mara moja kila kipindi, nawaambia mapema kwamba kosa lipo. Anayelipata anakuja ubaoni kulisahihisha mwenyewe. Wiki za kwanza kimya kitupu, halafu wakaanza kubishana kwa hoja. Kanuni ya kutokatizana sikuigusa. Bila hiyo wanaosikika ni wenye sauti kubwa tu.

Sare iache kama ilivyo, ila waruhusu waulize kwa nini ipo, nawe uwape jibu la kweli. Uongozi ukisita, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na cha 28 kinataka nidhamu ya shule iheshimu utu wake. Vichapishe uende navyo kikaoni.