Mwalimu mpya wa kompyuta huku Bahi, Dodoma, anza na simu ya mama

Ukiripoti huku usianze na mausi na Excel, mimi nilianza hivyo nikapoteza muhula mzima. Kompyuta nne, watoto sitini na kitu, umeme ukikatika ndo basi tena, mtoto anasubiri wiki mbili zamu ya kugusa kibodi halafu jioni hiyohiyo yupo mtandaoni kwa simu ya mama yake au ya kaka wa bodaboda. Nilichelewa kushtuka kwamba simu ya kuazima ndo darasa lenyewe.

Binti mmoja wa kidato cha pili alipokea simu iliyopigwa kwenye namba ya mama yake, mtu anajifanya katibu wa kikoba, anaomba atajiwe zile namba sita zilizoingia kwa meseji. Akamtajia. Unategemea nini, kaombwa na mtu mzima na huku mtoto hambishii mkubwa! Kumbe ndo namba za siri za kufungulia WhatsApp ya mama, muda si mrefu wanakikoba wanaombwa hela kwa jina lake na wawili wakatuma. Mama akaja shule kanga kiunoni, aisee, nilitamani nipitie dirishani.

Toka siku hiyo kipindi cha kwanza kwangu ni namba sita. Tunaigiza kabisa: "Shikamoo, subiri mwenye simu aje", basi, anakata. Watoto wanacheka ila wanashika. Kuna na ile pini ya ziada ya WhatsApp, ingia mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, ila mwenye simu awepo maana akisahau pini utatafutwa wewe. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" waonyeshe zinaripotiwa 15040, na wazazi wapige *106# waone kama kuna laini wasizozijua kwenye kitambulisho chao cha NIDA.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itaje, hasa wale wanaorekodi wenzao wakipigana wakasambaza, lakini usiwatishie polisi kila kipindi. Mimi niliwatishia, matokeo yake aliyetapeliwa anaficha, unakuja kusikia kisimani.

Na hotispoti yako usiwape pasiwedi hata wakulilie vipi, bando langu la wiki liliisha kabla kengele haijagonga.